Bangi ya Miche Minne: Pupa Ndiyo Inayoiharibu

Mdogo wangu wa Edmonton, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umelea miche minne besimenti tangu Septemba, ukaikata mwanzoni mwa Januari maua yakiwa yamejaa, yananukia malimau mpaka ngazini. Kisha ukayatundika jikoni, juu ya tundu la hita. Siku ya tatu yakawa makavu kau, ukiyagusa yanakuwa unga, na harufu iliyobaki ni ya nyasi za ng'ombe. Unauliza kama duka lilikuuzia mbegu mbovu.

Hapana, mdogo wangu. Kutokana na ulivyonieleza, mbegu ilikuwa nzuri na malezi yalikuwa mazuri. Kilichokupotezea kazi ya miezi minne ni zile siku tatu za mwisho. Barua za namna hii huja kila baridi inapokaza, na karibu zote zinaeleza jambo moja: mtu amevumilia kupanda, amevumilia kumwagilia, akafika mlangoni pa mavuno uvumilivu ukamwishia. Kwa hiyo leo sitakaa sana kwenye kupanda. Nitakaa pale mnapoharibikiwa.

Lakini kwanza nizungumze na wote, maana kona hii inasomwa na watu wa nchi nyingi. Ninayoandika ni ya mtu mzima anayeishi mahali ambapo sheria imemruhusu kupanda. Kanada sheria ya bangi ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, na inaruhusu miche minne kwa kaya. Kwa kaya, wadogo zangu, si kwa kichwa. Mkiwa watu wazima watatu mnaoishi nyumba moja Scarborough, miche yenu yote ni minne, si kumi na miwili. Mbegu au miche inunuliwe kwenye duka lenye leseni. Juu ya hapo kila jimbo lina masharti yake. Quebec imekataza kupanda nyumbani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema jimbo lina haki ya kukataza. British Columbia inataka miche isionekane kutoka barabarani wala mahali popote pa umma, na imepiga marufuku kupanda kwenye nyumba inayotumika kulea watoto wa watu. Hilo la kulea watoto naomba mlisikie vizuri, kwa sababu najua ni wangapi miongoni mwetu wanaoendesha maisha kwa kazi hiyo. Na ukiwa mpangaji, soma mkataba wako kabla ya kununua hata udongo. Sheria ya nchi inaweza kukuruhusu na mwenye nyumba akakukatalia, na akawa na haki.

Wewe unayenisoma ukiwa Dar, Mombasa, Kampala au Bujumbura, soma upate kujua tu. Huko mche mmoja ni kesi ya jinai, na vifungo vyake ni vya miaka mingi. Hata Rwanda, iliyofungua mlango wa kilimo cha bangi ya dawa kwa wenye leseni wanaouza nje, haijamruhusu mwananchi kupanda uani kwake. Usimpe mtu nafasi ya kukuharibia maisha kwa sababu ulisoma kitu cha Kanada.

Haya, tuje kwenye mche wenyewe, kwa ufupi.

Bangi ina mimea jike na mimea dume. Unayoitaka ni jike, kwa kuwa ndiyo inayotoa maua mazito yenye utomvu. Dume likikaa karibu likamwaga chavua, jike linapunguza kutengeneza utomvu na kuanza kutengeneza mbegu, na mavuno yako yanageuka punje. Ndiyo maana wengi hununua mbegu zilizoandaliwa zitoe jike peke yake. Hata hivyo, uchunguze. Mche ukianza kuonyesha jinsia yake, angalia pale tawi linapokutana na shina: jike hutoa nyuzi mbili nyeupe nyembamba, dume hutoa vijifuko vidogo vya mviringo. Ukiona vijifuko, mche huo utoke siku hiyo hiyo.

Mmea huu unasoma urefu wa usiku. Ndani ya nyumba, taa ikiwaka saa kumi na nane kwa siku unakua majani na matawi, na ukiugeuzia ukaupa saa kumi na mbili za giza unaanza kutoa maua. Giza liwe giza kweli. Taa ndogo ya mashine ya kufulia, mwanga unaopenya chini ya mlango, mtoto anayefungua kabati kutafuta mpira wake, vyote hivyo vinauvuruga mmea, na jike lililovurugwa linaweza kutoa maua dume juu yake lenyewe. Wale wanaopanda nje, jihadharini na kaskazini. Edmonton mwezi wa Juni jua linakaa angani kama saa kumi na saba, kwa hiyo aina ya kawaida inachelewa kutoa maua mpaka Agosti, halafu umande wa barafu unaingia Septemba kabla maua hayajakomaa. Kwa mikoa kama hiyo chagua zile aina zinazotoa maua kwa umri wake bila kusubiri usiku mrefu. Zinakuwa fupi, zinazaa kidogo, lakini zinawahi.

Udongo uwe mwepesi, wenye mboji, unaopitisha maji. Chungu cha lita kumi na tano mpaka ishirini kinatosha mche mmoja. Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kumwagilia kwa mapenzi. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Inua chungu: kikiwa kizito, acha, kikiwa chepesi na udongo wa juu umekauka kiasi cha kifundo cha kidole, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha yamwage yaliyotuama kwenye sahani. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ni ya wakati wa majani. Maua yakianza, ipunguze. Majani ya kijani kibichi mno, yaliyojikunja ncha kwenda chini, yanakuambia umezidisha.

Pogoa mapema. Mche ukiwa na pingili nne au tano, kata ncha ya juu, nao utagawanyika na kutanuka badala ya kurefuka kuelekea taani. Matawi madogo ya chini yasiyoona mwanga yatoe kabla maua hayajashika, maana yatakupa vijiua hafifu na kuzuia hewa. Hewa kupita katikati ya mmea ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukungu wa kijivu unaanzia ndani ya ua nene, mahali usipoona, na unapoona jani moja limenyauka lenyewe katikati ya ua, ndani tayari kumeoza.

Wadudu nao wapo, hasa utitiri na vidukari. Geuza majani uangalie chini yake kila wiki. Nawaomba sana, msinyunyizie dawa ya wadudu wala ya ukungu juu ya maua. Unachokipulizia hapo hakioshwi, na mtu atakuja kukivuta na moshi. Mwaka 2016 na 2017, hapa hapa Kanada, bangi ya baadhi ya wazalishaji wenye leseni ilirudishwa kutoka kwa wagonjwa kwa sababu ilikutwa na dawa ya ukungu iitwayo myclobutanil, ambayo ikichomwa inaweza kutoa gesi ya sianidi. Ikiwa hao wenye maabara walikosea, wewe wa besimenti usijaribu. Utitiri ukizidi, kata sehemu iliyoshambuliwa na uitupe. Ukizidi kabisa, tupa mche.

Sasa mavuno. Usihesabu wiki peke yake. Pakiti ya mbegu itakuambia wiki nane au kumi tangu maua yaanze, lakini mmea haujaisoma pakiti. Nunua kioo kidogo cha kukuzia, cha aina ile anayotumia sonara, uangalie ua lenyewe. Utaona vijinywele vifupi vyenye vichwa vya mviringo kama tone. Hivyo ndivyo vyenye utomvu, harufu na nguvu yote. Vikiwa vinapitisha mwanga kama maji, bado. Vikigeuka vya maziwa, umefika wakati. Vikianza kuwa na rangi ya kahawia ya asali, kemikali kuu inayolewesha, ile iitwayo THC, imeanza kuvunjika na kugeuka kitu kingine, na watu wengi husema athari yake huwa ni usingizi zaidi. Mimi nawashauri kukata vingi vikiwa vya maziwa na vichache vimeanza kahawia. Angalia vile vya kwenye ua, si vya kwenye majani madogo, kwani vya majani hutangulia kuzeeka.

Mdogo wangu, hapa ndipo ulipofika vizuri kabisa. Sasa nikueleze kilichotokea juu ya lile tundu la hita.

Ua lililokatwa leo, karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Maji hayo lazima yatoke, lakini yanapotoka kuna kazi nyingine inaendelea ndani. Ua bado lina uhai kidogo, linaendelea kuvunja ule ukijani na sukari ndogo ndogo zilizobaki. Kazi hiyo inahitaji unyevu. Ukiukausha mmea kwa siku tatu, unaikatisha katikati, ukijani unabaki umefungiwa ndani, na ndiyo ile harufu ya nyasi na ule ukali wa kukwaruza koo. Kisha kuna harufu nzuri yenyewe. Yale malimau uliyokuwa unayasikia ngazini ni mafuta mepesi sana, yanapaa kwa joto dogo tu. Hita yako iliyapuliza jikoni, mkayavuta nyote siku tatu, yakaisha.

Na wengi wetu tuna mazoea yanayotudanganya. Aliyekulia Pemba au Unguja ameona karafuu zikianikwa juani kwenye majamvi, siku nne au tano za jua kali zikawa kahawia na ngumu, na ndivyo zinavyotakiwa. Mafuta ya karafuu ni mazito, yanalivumilia jua. Ya bangi hayavumilii, na mwanga wenyewe unaivunja THC. Kwa hiyo toa kichwani picha ya jamvi na jua. Unachotaka ni giza, ubaridi na hewa inayotembea taratibu.

Vipimo ni hivi: joto la nyuzi kumi na tano mpaka ishirini, unyevu wa hewa asilimia 55 mpaka 60, giza, na siku kumi mpaka kumi na nne. Nunua kipima unyevu, ni kitu cha bei ndogo, ukitundike pale pale maua yalipo, si ukuta wa pili. Feni ndogo iwepo, lakini ielekezwe ukutani au sakafuni. Upepo ukiyapiga maua moja kwa moja yanakauka nje na kubaki mabichi ndani, na hapo ukungu unapata nyumba.

Nyumba ya Edmonton Januari, hita ikifanya kazi usiku na mchana, unyevu wake unaweza kushuka mpaka asilimia 20 au 30. Hewa hiyo inakausha midomo yako, sembuse ua. Kwa hiyo wewe na wenzako wa Calgary, Saskatoon na Winnipeg, mmea ukatwe shina zima na utundikwe kichwa chini mzima mzima, na majani yake. Ondoa yale makubwa tu yenye vikonyo virefu. Majani madogo yaliyolizunguka ua yaache, yatajikunja na kulifunika, nayo yatachelewesha kukauka. Weka mashine ya kuongeza unyevu chumbani, funga tundu la hita la chumba hicho, na uchague chumba chenye ubaridi kuliko vyote, kabati la besimenti au stoo isiyo na dirisha. Mashine ya unyevu isipulize mvuke kuelekea kwenye maua.

Dada wa Halifax na kaka wa Vancouver, kwenu ni kinyume. Hewa yenu ina maji ya bahari, na mnaovuna nje Oktoba mnaleta ndani mmea uliokwisha kunyeshewa. Nyinyi kateni tawi tawi, chambueni majani yote siku ile ile ya kukata, tundikeni matawi kwa nafasi yasigusane, na muwe na mashine ya kuondoa unyevu. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu haukosi. Yafungueni na kuyakagua maua makubwa kuliko mengine kila siku. Mtu akiniuliza kama anaweza kukata sehemu yenye ukungu akatumia iliyobaki, jibu langu ni hapana. Ukungu mmoja uitwao Aspergillus unaweza kumshambulia mapafu mtu mwenye kinga dhaifu, na wengi wanaotumia bangi kwa ugonjwa, wenye saratani kwa mfano, ndio wenye kinga hiyo. Tupa ua zima, na yaliyoligusa yakague kwa kioo.

Utajuaje kwamba imekauka? Shika kijitawi chembamba ukipinde. Kikijikunja tu bila sauti, subiri. Kikivunjika kwa mlio mdogo huku nyuzi chache zikishikilia, iko tayari. Kikikatika vipande viwili kama kiberiti, umechelewa kidogo, wahi chupani. Usiamini mguso wa nje wa ua, maana ngozi yake hukauka siku ya tatu au ya nne na kukudanganya.

Kuchambua ni kazi ya kukaa. Tandika karatasi safi, vaa glavu za mpira, tumia mkasi mdogo wenye ncha nyembamba. Shika ua kwa kikonyo, si kwa kulifinya mwilini, maana vile vichwa vya utomvu vinakatika kwa kuguswa tu. Kata majani yanayochomoza ukifuata umbo la ua, ukiwa umelaza mkasi, na usihangaike kuingia ndani mpaka ua linabaki limenyolewa. Jani dogo lililojaa unga mweupe lina utomvu pia. Mkasi utanata. Ufute kwa pamba yenye spiriti, uukaushe, uendelee. Usitumie mafuta ya kupikia kwenye makali kisha ukayapaka maua. Majani yenye unga yaweke kando, yana matumizi yake. Yale makubwa ya kijani yarudi kwenye mboji.

Mwenye pumu asikilize hapa. Vumbi la bangi kavu linaweza kuamsha mzio na kubana kifua, na mtu anaweza kupata pumu kwa kazi hiyo hata kama hakuwa nayo. Mwaka 2022 mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha bangi Massachusetts alifariki kwa pumu iliyotokana na vumbi la bangi iliyosagwa kazini. Wewe una miche minne, si kiwanda, lakini vaa barakoa inayobana vizuri, fungua hewa, na ukianza kukohoa au kupiga chafya mfululizo, acha kazi hiyo amalize mwingine.

Watu wengi wakishachambua hudhani wamemaliza, na hapa ndipo naomba subira yenu ya mwisho. Maua yavundikwe. Yatie kwenye chupa za kioo zenye kifuniko kinachobana, zijae robo tatu tu, uziweke gizani. Saa ishirini na nne za kwanza utaona ajabu: ua lililokuwa kavu nje linalainika tena, kwa kuwa maji yaliyobaki kwenye kikonyo yanasambaa. Tia kipima unyevu kidogo ndani ya chupa. Kikisoma zaidi ya asilimia 65, toa maua uyatandaze saa chache, kisha uyarudishe. Kati ya 58 na 62 ndipo unapopataka. Wiki ya kwanza fungua kila chupa mara moja au mbili kwa siku, dakika kumi hivi, uyageuze maua na unuse. Ukisikia harufu kali ya amonia, kama ya nepi iliyolala, ni dalili kwamba vijidudu vimeanza kazi ndani na maua yalitiwa mabichi. Yatoe haraka. Wiki ya pili fungua kila baada ya siku mbili tatu, baadaye mara moja kwa wiki. Baada ya wiki tatu au nne harufu ya nyasi inakuwa imeondoka, ile ya asili inarudi, na moshi haukwaruzi. Ukiweza kusubiri miezi miwili, subiri.

Sasa, mdogo wangu, hayo yako yaliyokwisha kuwa unga. Zipo pakiti ndogo zinazorekebisha unyevu wa chupa mpaka asilimia 62. Tia moja, ufunge wiki moja, maua yatalainika na hayatakwaruza sana. Malimau hayatarudi, na sitaki mtu akuambie vinginevyo. Utashauriwa utie ganda la chungwa au jani la letusi chupani. Usikubali. Unaingiza maji na vijidudu mahali palipofungwa, na utapata ukungu juu ya hasara uliyo nayo. Kama wazo lako ni kutumia gesi ya viberiti kutoa utomvu, hilo ni kosa kisheria nyumbani na nyumba zimelipuka kwalo.

Umeniuliza pia kama unaweza kuyapikia siagi. Kwa sheria ya Kanada unaweza kutengeneza chakula chako nyumbani, lakini nisikilize kwa makini. Kifungashio kizima cha chakula cha bangi dukani hakiruhusiwi kuzidi miligramu kumi za THC. Sufuria yako haina kipimo hicho. Kipande kimoja cha keki kinaweza kuwa na mara tano au kumi ya hapo, na athari yake huchukua nusu saa mpaka saa mbili kuanza, kwa hiyo mtu anaona haimfanyi kitu, anaongeza, kisha zote zinamfika pamoja. Na watoto hawajui tofauti ya keki na keki. Tangu vyakula vya bangi viruhusiwe madukani, hospitali za Kanada zimepokea watoto wengi zaidi waliokula bangi bila kujua, wengine wakilazwa. Una mtoto wa miaka minne, umeniambia mwenyewe. Ningekuwa wewe nisingepika kabisa mpaka akue. Ukiamua kupika, kiwe kwenye sanduku lenye kufuli, juu, na kimeandikwa, hata kama ni usiku mmoja tu. Chupa zako nazo zikae kwenye kufuli hilo hilo. Na yeyote mwenye mimba au anayenyonyesha asiguse, hata kwa kichefuchefu cha asubuhi, hata kama shoga yake amesema ilimsaidia. THC inapita kwenye kondo la nyuma na inaingia kwenye maziwa.

Limebaki lile la dada yako wa Minneapolis, aliyeomba umpelekee kidogo kwenye harusi ya Juni. Mdogo wangu, usithubutu. Kuvuka mpaka wa Kanada na bangi ni kosa la jinai, kutoka au kuingia, hata kama upande wa pili jimbo limeihalalisha. Marekani serikali kuu bado ina sheria yake, na kwa asiye raia, hata kukiri tu mbele ya afisa wa mpakani kwamba umewahi kutumia kunaweza kukufungia mlango wa nchi hiyo. Dada yako naye, kama bado yuko kwenye kadi ya kijani anasubiri uraia, aachane nayo kabisa, kwani inaweza kuhesabiwa dhidi ya mwenendo wake hata kama Minnesota inaruhusu.

Wala usiuze hapa, hata kwa jirani anayekubembeleza, hata kwa bei ya kurudisha pesa ya umeme. Kumpa mtu mzima mwenzako gramu thelathini bila malipo ni halali. Kuuza bila leseni ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka kumi na minne, na kwa wewe mwenye ukaazi wa kudumu ambaye hujala kiapo cha uraia, kosa lolote ambalo adhabu yake ya juu inafika miaka kumi linaingia kwenye orodha ya jinai nzito na linaweza kukuondolea ukaazi. Kuendesha gari ukiwa umelewa, kwa pombe au kwa bangi, kumeingia kwenye orodha hiyo tangu Desemba 2018. Nimeona familia zikisambaratika kwa vitu vidogo kuliko chupa moja ya maua.

Mara hii, ukiamua kupanda tena, andaa kabati la kukaushia kabla hujaotesha mbegu. Weka mashine ya unyevu na kipima unyevu ndani yake wiki nzima, uone kama linaweza kukaa asilimia 58 wakati hita inanguruma na nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Likishindwa, hamisha kabla hujawa na maua ya kuokoa. Niandikie namba unazozipata, tuzitazame pamoja. Na dada wa Halifax, swali lako la mbolea ya samaki na harufu yake nimelipokea; nitalijibu mwezi ujao.